Kuandika ikisiri ya kongamano la taaluma ya uzee

Tangazo la kongamano likitoka, wengi huanza kuhangaikia kichwa cha mada. Afadhali kuanza na jedwali la matokeo. Wahakiki husoma ikisiri, yaani muhtasari wa utafiti, nyingi kwa mkupuo mmoja, na wanachokitafuta ni kile ulichokipata. Ukiandika "matokeo yatajadiliwa", wataelewa kwamba data bado haijachambuliwa, na mara nyingi ikisiri huangukia hapo.

Makongamano mengi hutaka maneno 250 hadi 300 katika sehemu nne: usuli, mbinu, matokeo na hitimisho. Usizigawie maneno sawa. Usuli unatosha kwa sentensi mbili, tatizo kisha swali lako. Mtaalamu wa uzee hahitaji kuambiwa kwamba wazee wanaongezeka duniani, wala kwamba 2021 hadi 2030 ni Muongo wa Umoja wa Mataifa wa Kuzeeka kwa Afya. Ameshayasoma hayo asubuhi hiyo hiyo, tena mara kadhaa. Matokeo ndiyo yapewe maneno mia na zaidi.

Tuseme umepima mwendo wa wazee wa Likoni na Kisauni, hapa Mombasa. "Wengi walitembea polepole" haisemi kitu. "Kati ya wazee 140, 63 (45%) walitembea chini ya mita 0.8 kwa sekunde" inasema. Asilimia isiyo na idadi nyuma yake humtia mhakiki shaka, na ana haki.

Kwenye mbinu, yako mambo mawili yanayowaponza watafiti wa ukanda wetu. La kwanza ni umri. Katiba ya Kenya ya 2010 humhesabu kuwa mzee aliyevuka miaka 60, ilhali tafiti nyingi za Ulaya na Marekani huanzia 65, taja uliotumia. Isitoshe, wazee wengi hawana cheti cha kuzaliwa, na umri wa kukisia hurundikana kwenye 60, 70 na 80. Eleza ulivyouthibitisha: kwa kitambulisho, au kwa kuuliza mtu alikuwa mkubwa kiasi gani bendera ya uhuru ilipopandishwa 1963.

La pili ni vipimo vya kumbukumbu. Kipimo mashuhuri cha alama 30, MMSE, kina vipengele vya kusoma, kuandika na hesabu, kwa hiyo bibi aliyeishia chuo cha Kurani kwa maalim hupoteza alama bila ugonjwa wowote. Kipimo cha IDEA kilitengenezwa kwa kuwashirikisha wazee wa Hai, Tanzania, kikiwazingatia wasiosoma sana. Chochote utakachotumia, kitaje kwa jina na useme ulikirekebisha vipi kulingana na elimu ya mtu.

Idhini ya kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya Kenya) zipatikane kabla ya kukusanya data. Kuzikosa ni kasoro isiyorekebishika baadaye. Kumbuka pia kwamba "mzee wa miaka 97 wa Mji wa Kale, fundi wa majahazi" ametambulika tayari, hata bila jina.

Fomu itakuuliza: wasilisho la mdomo, bango, au lolote? Ukichagua "lolote" unajiongezea nafasi. Wasilisho la dakika 10 hadi 15 hufaa swali moja lenye jibu lililokomaa. Matokeo ya awali na sampuli ndogo yanakaa vizuri zaidi kwenye bango. Wanaoliona bango kuwa daraja la pili wanajinyima: ukumbini utaulizwa maswali mawili ya haraka, lakini penye bango mtu wa fani yako atasimama na kudadisi. Ukubwa wa kawaida ni A0, sentimita 84.1 kwa 118.9. Uliza kwanza ubao ni wa wima au wa ulalo. Herufi za maelezo zisipungue pointi 24. Likichapishwa kwenye kitambaa, unalikunja ndani ya begi, iwe unapanda ndege au treni ya SGR.

Kabla ya kutuma, soma ulichobandika kwenye fomu. Alama kama ≥ na ± hugeuka vijisanduku, na mifumo mingine hukata maneno yaliyozidi bila kukuarifu. Waandishi wenzako wote wawe wameridhia, majina kwa mpangilio waliokubaliana, kwa kuwa baada ya makataa kubadilisha ni shida.

Na hayo makataa ni ya saa za wapi? Saa 23:59 ya GMT ni saa nane na dakika 59 usiku hapa Mombasa, tarehe ya pili yake. Saa 23:59 ya Sydney, kwa saa zao za kawaida, huku ni saa kumi na dakika 59 jioni ya siku ile ile, na aliyepanga kutuma baada ya isha amechelewa.

Ukikubaliwa, soma barua hadi mwisho. Mara nyingi mwasilishaji hutakiwa kujisajili na kulipa kufikia tarehe fulani, ama sivyo ikisiri huondolewa kwenye ratiba. Ulizia punguzo la wanafunzi au la nchi za kipato cha chini na cha kati kabla ya kulipa, kwani kurudishiwa pesa baadaye ni nadra.