Umeme hafifu kichwani baada ya kiharusi: maswali na majibu

Hapa tunazungumzia tDCS: kupitisha umeme hafifu kati ya elektrodi mbili (vipande vya kupitishia umeme) zilizowekwa kichwani, pamoja na mazoezi, kwa ajili ya mkono uliodhoofishwa na kiharusi.

Ni ule umeme wanaopigwa wagonjwa wa akili?
Sio. Ule ni wa mamia ya miliampia kwa sekunde chache, mgonjwa akiwa kwenye dawa ya usingizi, na unakusudia kuleta degedege. Huu ni miliampia 1 hadi 2, mgonjwa yuko macho na anaongea. Sehemu kubwa hupotelea kwenye ngozi ya kichwa. Kiasi kinachofika kwenye ubongo hakitoshi kuiamsha seli iliyotulia. Huifanya tu iwe nyepesi au nzito kuamka. Mkono hautaruka wala kutikisika.

Sasa walijuaje kwamba kuna kinachobadilika?
Mwaka 2000, watafiti Nitsche na Paulus wa Göttingen, Ujerumani, walipiga eneo la ubongo linaloendesha mkono kwa mpigo wa sumaku, wakapima msuli wa kidole unavyostuka. Baada ya anodi (upande chanya) kukaa juu ya eneo hilo, mstuko uliongezeka. Baada ya kathodi (upande hasi), ulipungua. Mwaka uliofuata walionyesha kwamba dakika 13 za miliampia 1 zinaweza kuacha athari hadi dakika 90.

Elektrodi zinawekwa wapi?
Hapa ndipo wengi hukosea. Mkono wa kushoto ukiwa dhaifu, ubongo ulioumia ni wa kulia. Pima kwa futikamba kuanzia kwenye mzizi wa pua, katikati ya macho, hadi kinundu cha kisogoni. Tia alama katikati. Kisha pima kutoka mbele ya sikio moja hadi jingine ukipitia alama ile. Kama ni sentimita 36, asilimia 20 yake ni 7.2: shuka hizo kutoka katikati kuelekea sikio la kulia. Hapo ndipo anodi inakaa. Kathodi huenda juu ya nyusi ya kushoto. Wengine huweka kathodi juu ya upande wa ubongo usioumia, ili kuutuliza usiukandamize ulioumia.

Kwa nini ngozi huungua?
Kwa kawaida kosa ni sponji. Ya sentimita 5 kwa 7 ilowe maji ya chumvi ya asilimia 0.9, yale ya dripu, sio ya bomba. Ikikauka upande mmoja, umeme wote unabanwa kwenye sehemu ndogo. Ikilowa hadi kutiririka, maji yanaunganisha elektrodi mbili na umeme unapita juu ya ngozi. Mafuta ya nywele na misuko mizito huzuia mguso: osha, fumua, tenga nywele. Ukinzani (ugumu wa umeme kupita) ukizidi kiloomu 10, usiwashe. Umeme upandishwe polepole, kwa sekunde 10 hadi 30. Mwasho kidogo wa ngozi na wekundu ni kawaida. Maumivu makali ni ishara ya kuzima.

Nikiongeza muda, nitapona haraka?
Hapana, unaweza hata kuharibu. Katika majaribio, anodi ya miliampia 1 iliyowashwa dakika 26 mfululizo ilipunguza msisimko wa ubongo badala ya kuuongeza, na kathodi ya miliampia 2 kwa dakika 20 iliuongeza. Wengi hutumia dakika 20 kwa siku, pamoja na mazoezi: kushika kikombe, kufungua vifungo. Kukaa umevaa waya huku ukitazama runinga ni kupoteza umeme. Hata pamoja na mazoezi, matokeo ya tafiti yanatofautiana.

Fundi anaweza kunitengenezea kwa betri ya volti 9?
Asikutengenezee. Volti 9 kwenye ukinzani wa kiloomu 5 hutoa miliampia 1.8. Ngozi ikilowa jasho ukinzani ukashuka hadi kiloomu 2, ni 4.5, na hakuna cha kuizuia. Mashine halisi hurekebisha volti yenyewe ili mkondo ubaki uleule.

Nani asitumie?
Mwenye chuma ndani ya fuvu, kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, au kidonda mahali pa elektrodi. Mwenye kifafa, au aliyewahi kufunguliwa fuvu, aamuliwe na daktari wa ubongo. Pia taja dawa zako: kabamazepini, inayotumiwa sana kwa kifafa, huzima athari ya anodi. Usiiache ili umeme ufanye kazi.