Ametaja nusu ya bei? Usimbloku

Kazi yangu ni kuwauzia watu vitu vya ndani vilivyotumika hapa Dodoma: friji, makochi, majiko, vitanda, televisheni. Wengi ni watumishi waliopata uhamisho, wanafunzi wa UDOM wanaomaliza masomo, na familia zinazotoka nyumba za kupanga Chang'ombe au Nkuhungu kwenda kwao walikojenga, Nala au Ihumwa. Picha napiga mimi, tangazo naandika mimi, ila meseji za wanunuzi mara nyingi anajibu mwenye kitu. Hapo ndipo kazi inapoharibika. Juzi tena dada mmoja wa Ilazo kanipigia amefura: "Tangazo la friji yangu linasema laki nne na nusu, mtu ananiandikia laki mbili! Nimembloku, maana ananidharau." Maneno hayo, na mengine nitakayoyanukuu na kuyajibu hapa chini, nimeyasikia kwa wateja wengi mno, na wengi wao vitu vyao bado vimekaa sebuleni.

"Anayetaja nusu ya bei ananidharau"

Hapana, anafungua mazungumzo. Nenda soko la Majengo au Sabasaba, uliza shati. Ukiambiwa elfu kumi unajibu elfu nne, na muuzaji hanuni. Anakwambia, "Ongeza mama, hiyo hata mtaji hairudishi," na mnaendelea. Mnunuzi wa mtandaoni ni mtu yuleyule wa sokoni. Tofauti ni kwamba kwenye simu huoni uso wake wala husikii sauti yake. Unaona "laki 2 nakuja saa hii" na unaisoma kwa hasira ambayo yeye hakuiweka.

Sababu ya kuumia inajulikana. Mwaka 1990 watafiti Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha majaribio ambamo nusu ya wanafunzi walipewa vikombe, kisha wakaulizwa wangeviuza kwa kiasi gani, na wale wasiopewa wakaulizwa wangenunua kwa kiasi gani. Waliopewa walidai takriban mara mbili ya kile wenzao walichokuwa tayari kulipa, na vikombe vyenyewe walikuwa wamevishika kwa muda mfupi tu. Sasa wewe friji umeishi nayo miaka mitano, imegandisha maziwa ya watoto wako. Lazima bei ya mgeni ikuume. Lakini mgeni hanunui miaka yako mitano, ananunua kompresa, mlango na mashelfu.

Mtazame anayetaja bei ya chini ni nani. Mara nyingi ni mchuuzi. Yeye anapiga hesabu ya kirikuu (gari dogo la mizigo), fundi, kuosha, wiki kadhaa za kukaa na mzigo, kisha faida. Akianza na laki mbili kwa friji ya laki nne na nusu, hajakosea hesabu zake hata kidogo. Huyu ana fedha mkononi na anakuja leo, kwa hiyo kumfungia mlango ni hasara. Mwingine ni mtu anayeanza maisha, mfukoni ana kiasi hicho hasa, na ukimwambia bei halisi kwa upole ataazima kwa ndugu aongeze. Wapo pia wanaotuma "laki 2" kwa wauzaji kumi kwa mpigo wakingoja atakayebanwa na shida. Huwezi kuwatofautisha kwa meseji ya kwanza. Unawatofautisha kwa jibu lako, na jibu ni moja kwa wote:

"Habari kaka. Laki mbili haitoshi. Friji ni nzima, inawaka muda wote, njoo na fundi wako aikague. Ukija leo jioni na usafiri wako, nakupa kwa laki nne na ishirini."

Humo hamna ugomvi. Kuna hapana iliyo wazi, hali ya kitu, bei yako na saa ya kuja. Mwenye nia atauliza uko mtaa gani. Asiye na nia atapotea mwenyewe, na wewe hujapoteza hata dakika moja.

Kosa linalofuata baada ya hasira ni kukata katikati. Unataka 450,000, yeye kasema 200,000, mnakutana 325,000, na unajiona umetenda haki. Fanya hesabu tena. Angeanza na 300,000, katikati ingekuwa 375,000. Kwa kuanzia chini zaidi amejipatia 50,000 yako bila jasho. Ndiyo maana nawasihi wateja wangu wasahau kabisa dau la kwanza. Bei yako ishuke kutoka kwako, si kutoka kwake, na kila hatua iwe fupi kuliko iliyotangulia: 450, 420, 410, 405. Mnunuzi anayeona hatua zinafupika anaelewa kuwa sakafu iko karibu. Ukishuka laki kisha laki tena, atakusubiri hadi kesho, na ana haki ya kusubiri.

Kingine, na hili nalisisitiza kwa kila mtu hadi wananichoka: usishuke bure. Kila elfu kumi unayoitoa, upewe kitu. Aje leo badala ya Jumamosi. Abebe mwenyewe, maana kirikuu kutoka Ilazo hadi Nzuguni nayo ni fedha. Achukue friji pamoja na stendi yake. Alipe yote kwa mara moja, si "nusu sasa, nusu mwisho wa mwezi". Ukishuka bila kupewa chochote, umemwambia kuwa bei ya mwanzo haikuwa ya kweli.

Na umsikilize anapotoa sababu. "Mpira wa mlango umelegea" ni jambo la kukaguliwa, halina matusi ndani yake. Bana kipande cha karatasi kwenye mlango, funga, vuta taratibu. Kikitoka kirahisi, baridi inavuja hapo na mnunuzi ana hoja. Kikishika pande zote nne, mwonyeshe na bei yako isimame. Mimi hufanya hivyo kabla ya kupiga picha, na kama mpira umechoka tunaandika kwenye tangazo. Kasoro iliyoandikwa haiwezi kutumiwa tena kukushusha mlangoni.

Dau la chini lina habari nyingine pia. Mtu mmoja akitaja laki mbili, hiyo ni bei yake. Watu kadhaa wasiojuana, kwa siku tofauti, wakija wote na laki tatu hadi laki tatu na ishirini, hiyo ndiyo bei ya mjini na tangazo lako limekaa juu. Ukiwa umewabloku wote, utajuaje? Kwa hiyo waandike: nani, kiasi gani, siku gani. Aliyegoma kwa laki tatu na nusu tarehe 10 ni yuleyule anayekupigia tarehe 26 mshahara ukishaingia. Namba yake uwe nayo.

"Pandisha bei mara mbili upate pa kushukia"

Sokoni mtu amesimama mbele yako, ataanza kubishana. Mtandaoni anaona friji yako ya laki tisa na hapohapo chini yake ya mwenzako ya laki nne na nusu. Atampigia mwenzako. Wewe utabaki na wale tu wanaotuma laki mbili kwa kila mtu, kisha unanilalamikia kuwa Dodoma kuna wanunuzi wa hovyo. Acha nafasi ya asilimia kumi hivi, inatosha. Na badala ya "maongezi yapo" andika "bei inapungua kidogo kwa atakayekuja kuona". Maneno hayo yanamtaka atoke nyumbani kwanza.

"Usiandike bei, waje inboksi"

Ushauri huu sijui nani aliusambaza, unawaumiza watu kila siku. Usipotaja bei, wa kwanza kutaja ni mnunuzi, na namba ya kwanza ina nguvu kubwa. Mwaka 1974 Amos Tversky na Kahneman walieleza jaribio lao: watu walizungushiwa gurudumu lililopangwa kusimama kwenye 10 au 65, kisha wakaulizwa nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa. Makadirio ya kati ya walioona 10 yalikuwa 25. Ya walioona 65 yalikuwa 45. Gurudumu halihusiani na Afrika hata kidogo, na bado liliwavuta. Laki mbili ya mgeni itakuvuta vivyo hivyo. Andika bei yako.

"Nilinunua milioni moja na laki mbili, siendi chini ya laki nane"

Risiti inaonyesha duka lilipata nini siku ile. Bei ya leo inapangwa na kipya kinauzwaje leo. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, mtu anaondoka asubuhi, anauliza bei Kariakoo, jioni yuko nyumbani. Ukimtajia laki nane kwa mashine ya kufulia iliyotumika, na mpya ndogo ameiona kwa bei iliyo karibu na hiyo, hawezi kukuelewa. Isitoshe, maji yetu ya visima yana chumvi, na kila mnunuzi mzoefu wa Dodoma ataomba kuona ndani ya mashine ya kufulia au birika la umeme. Ondoa ukoko mweupe kwa siki na maji ya moto kabla hujatangaza.

"Asiyebishana bei ndiye mteja mzuri"

Huyu ndiye wa kuogopa. Mnunuzi wa kweli anauliza ujazo, anaomba video friji ikiwa inawaka, anaomba apunguziwe kidogo. Tapeli anakubali bei yote bila kuona kitu, anatuma bodaboda aje kuchukua, kisha unaingia ujumbe unaofanana na wa muamala. Wakati mwingine "amekosea kuzidisha" na anakuomba umrudishie kilichozidi haraka. Usisome ujumbe, ingia kwenye menyu ya mtandao wako uangalie salio, ndipo mlango ufunguliwe. Namba ya tapeli itume kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, kitu kidogo kisichochukua muda.

"Andika 'nauza haraka, nahama' wateja waje"

Watakuja kweli, na kila mmoja atakuja na nusu ya bei, kwa sababu umewaambia kuwa siku zinakubana. Nawaelewa watumishi, barua ya uhamisho haikupi raha. Ila anza kuuza siku barua inapofika, si siku unapotafuta lori. Vitu vikubwa viende kwanza: makochi, friji, kitanda na godoro lake. Vyombo na mapazia yatapata watu hata siku ya mwisho. Tangaza mishahara ikishatoka, na kuanzia Aprili hadi Juni, Bunge la bajeti likiwa hapa, mji una watu wengi wanaohitaji kupanga na kununua. Kwenye tangazo andika ukubwa, umri na hali ya kitu. Akiuliza kwa nini unauza, mwambie unahama. Tarehe ya lori usimtajie.