Chaja yenye ampea nyingi haiunguzi simu

Upo ujumbe ambao umekuwa ukizunguka kwa muda mrefu katika makundi ya WhatsApp, ukionya kwamba chaja iliyoandikwa ampea 3 (ampea ni kipimo cha kiasi cha umeme unaopita) itaunguza simu iliyonunuliwa na chaja ya ampea 1, kwa madai kuwa inaisukumia umeme mara tatu. Dai hilo si kweli.

Nguvu ya umeme, inayopimwa kwa wati, hupatikana kwa kuzidisha volti, yaani kipimo cha msukumo wa umeme, kwa ampea. Chaja ya volti 5 na ampea 3 inaweza kutoa hadi wati 15, lakini hicho ni kikomo tu. Simu yenyewe ndiyo huamua ivute kiasi gani, na ikivuta ampea 1 kwa volti 5 hupokea wati 5. Anayetaka kuhakikisha achomeke kipimo kidogo cha USB kati ya chaja na waya, asome namba hizo mbili, kisha azidishe. Ataona pia ampea zikipungua kadiri betri inavyokaribia kujaa.

Watu huchanganyikiwa kwa sababu vifaa huungua kweli, ila chanzo huwa kingine: chaja duni isiyodhibiti volti, au kifaa cha volti 12 kuchomekwa chaja ya volti 19. Volti ndizo za kulinganishwa kwa makini. (Chaja za kasi huweza kupandisha volti hadi 9, lakini baada tu ya kuwasiliana na simu.)

Tafadhali, ujumbe huo ukikufikia usiusambaze, kwani humfanya mtu aogope chaja salama na kuiamini ile duni iliyoandikwa ampea chache.