Hela isiyo na karatasi ilionekana, yenye karatasi ndiyo iliyopigwa

Kila Aprili ripoti ya CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ikishawasilishwa bungeni simu yangu haipumziki, na swali ni lile lile, "mkaguzi, hizi bilioni kazila nani?" Jibu langu linawaudhi wengi maana nawaambia ripoti haijasema zimeliwa, imesema hazina viambatisho, yaani karatasi za kuthibitisha malipo, na hayo ni mambo mawili tofauti. Leo acha niwapeleke Iraki, kule kosa lilikuwa kubwa mpaka asiyejua uhasibu analiona.

Mei 2003 Saddam ameshaangushwa, ukaanzishwa Mfuko wa Maendeleo ya Iraki, ukatambuliwa na azimio 1483 la Baraza la Usalama. Humo zikawa zinaingia hela za mafuta ya Wairaki wenyewe na mali za serikali ya zamani zilizokuwa zimezuiwa nje, ila msimamizi wa matumizi alikuwa mamlaka ya muda chini ya Mmarekani Paul Bremer. Sasa mabenki yamekufa, huwezi kutuma hela kwa mtandao, ikabidi zibebwe taslimu kwa ndege za jeshi kutoka Marekani, mabunda ya noti yamefungwa nailoni yamepangwa kwenye mapaleti kama saruji. Mpaka mamlaka inafunga ofisi Juni 2004 zilikuwa karibu dola bilioni 12, tani 363. Tani jamani, za noti.

Januari 2005 mkaguzi mkuu maalumu wa Marekani kwa ujenzi mpya wa Iraki, Stuart Bowen, akatoa ripoti kwamba dola bilioni 8.8 zilizogawiwa wizara za Iraki hazikuwa na udhibiti wa kutosha wa kujua zimetumikaje, watu wakasoma "zimepotea". Bremer akaja juu, kwamba nchi iko vitani na hamuwezi kudai uhasibu wa nchi tulivu. Mimi namwelewa nusu. Dharura inakuruhusu ulipe haraka, haikuruhusu ulipe bila orodha. Sehemu moja kwenye orodha ya mishahara kulikuwa na walinzi 8,206, wakaguzi wakaweza kuwathibitisha 602 tu. Sisi tungesema watumishi hewa moja kwa moja, ila angalia mkaguzi anavyoandika, anasema "hawajathibitishwa", hasemi "hawapo", kwa sababu kati ya wale 7,604 inawezekana wengine wapo kweli wanalinda mabomba ya mafuta huko jangwani na hakuna aliyewahi kuwaandika vizuri.

Sasa sikiliza hii. Mwaka 2011 ofisi hiyo hiyo ya Bowen ilifuatilia dola bilioni 6.6 ambazo miaka yote zilikuwa zinaulizwa ziko wapi, ikakuta karibu zote zilikabidhiwa Benki Kuu ya Iraki. Jinsi Wairaki walivyozitumia baada ya hapo ni habari nyingine, lakini hela iliyotangazwa imeibwa ilikuwa imehama akaunti tu na aliyeihamisha hakutunza kumbukumbu inayoeleweka.

Wizi wenyewe ulikuwa Hillah, kusini mwa Baghdad, na kule karatasi zilikuwepo! Mikataba ipo, hati za kukamilika kwa kazi zipo, sahihi zipo. Bwawa la kuogelea lilipewa mkandarasi akarabati, pampu zibadilishwe, akalipwa yote na kazi ikasainiwa kuwa imeisha. Wakaguzi wakaenda wenyewe wakasema hebu washeni, maji yakatoka ya kahawia, kumbe pampu ni zile zile za zamani zimesuguliwa zikang'aa. Kwenye hospitali kuu ya mji lifti nazo zililipiwa kama kazi iliyokamilika, halafu moja ikaanguka ikaua watu watatu.

Aliyeshika hela za eneo lile, zaidi ya dola milioni 80, aliitwa Robert Stein, na alishawahi kufungwa Marekani kwa utapeli miaka ya 1990. Sijui aliyempa funguo za sefu alisoma nini kwenye wasifu wake. Alikiri kula rushwa ili mikataba iende kwa mfanyabiashara mmoja, mwaka 2007 akahukumiwa miaka 9.

Kwa hiyo ukisikia "malipo yasiyo na nyaraka", au "masurufu hayajarejeshwa", yaani hela aliyopewa mtumishi kwa kazi fulani haijatolewa hesabu, hiyo ni hoja, yaani swali la mkaguzi linalosubiri majibu, mhusika anapewa muda alete vocha, risiti, orodha ya waliolipwa na sahihi zao, na hoja nyingi zinafungwa hapo hapo bila mtu kwenda jela. Mimi huwa naanza kushtuka pale faili linapokuwa safi kupita kiasi, risiti zote mwandiko mmoja na wino mmoja, mradi umekamilika tarehe ile ile iliyoandikwa kwenye mkataba. Mradi gani wa serikali uliwahi kuisha tarehe yake?

Ndiyo maana nikienda kukagua mradi wa maji naomba bomba lifunguliwe kwanza, faili baadaye. Kuna kijiji nilifika nikaambiwa pampu ni mpya na nzima kabisa ila ufunguo wa chumba cha mashine uko kwa mwenyekiti, na mwenyekiti kasafiri tangu jana, haijulikani anarudi lini. Nikawaambia hamna shida wazee wangu, nikavuta kiti chini ya mwembe nikaanza kusubiri. Mwenyekiti alirudi baada ya dakika arobaini, kwa miguu.