Yaya akiumia kazini, bima gani italipa?

Yaya anamwogesha mtoto, anateleza kwenye sakafu yenye maji na kuvunjika mkono. Hospitali inataka malipo, na mwenyewe hataweza kufanya kazi kwa wiki kadhaa. Mwajiri anakumbuka kuwa ana bima ya nyumba. Anafungua hati na kweli anakuta sehemu ya dhima: mtu akiumia humo ndani kwa uzembe wa mwenye bima, kampuni italipa. Akiendelea kusoma hadi kwenye mambo yasiyokingwa, mara nyingi atakuta wametolewa watu wawili: ndugu anayeishi naye na mtu aliyemwajiri. Mgeni angeteleza hapo hapo angelipwa. Yaya hayumo.

Hiyo si hila ya kampuni. Ada ya bima ya nyumba hukadiriwa kwa hatari za nyumba, kama moto, bomba kupasuka au wizi. Mtu anayeshinda humo kutwa nzima akibeba mtoto, akipanda ngazi na kushika vyombo vya moto yuko kazini, na hatari za kazi zina bima zake.

Ya kwanza ni fidia kwa wafanyakazi. Hii hulipa matibabu na sehemu ya mshahara wa aliyeumia kazini, kwa kawaida bila kuuliza kosa ni la nani. Kuna nchi ambako mwajiri huichangia kwenye mfuko wa serikali, na kuna ambako huinunua kwa kampuni binafsi. Ya pili ni bima ya dhima ya mwajiri, ambayo hufanya kazi pale yaya anapodai kuwa ameumia kwa uzembe wako, mathalani alikwambia kishikio cha ngazi kimelegea nawe hukukitengeneza. Hulipa fidia pamoja na gharama za wakili. Iulize kampuni ya bima kama hati moja inabeba zote mbili.

Mkataba Na. 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2011, unatambua haki ya mfanyakazi wa nyumbani kupata mazingira salama ya kazi. Hata hivyo, nchi nyingi hazijauridhia, na baadhi ya sheria za fidia bado huwaacha nje wafanyakazi wa majumbani au huwahesabu tu wanaofikisha saa fulani kwa wiki. Ofisi ya kazi ndiyo ya kuulizwa kwanza. Ikiwa sheria haimgusi yaya wako, mkatie bima ya ajali binafsi kwa jina lake; hulipa kiasi kilichopangwa akifariki au kupata ulemavu, na matibabu hadi kikomo fulani. Lakini ijulikane kwamba hiyo inamlinda yeye tu. Akikushtaki, utajitetea kwa mfuko wako.

Wapo wanaodhani watalikwepa jambo hili kwa kuandika kwenye mkataba kuwa yaya "anajitegemea". Maandishi hayo hayasaidii sana. Panapotokea mgogoro huangaliwa nani anapanga saa za kazi, nani anatoa maagizo na vifaa ni vya nani, na kwa yaya majibu karibu yote huelekea kwa mwenye nyumba. Akiletwa na wakala, uliza nani anasaini mkataba wake na nani anamlipa mshahara. Wakala akisema ana bima, omba nakala ya cheti na utazame tarehe ya mwisho.

Gari ndilo husahaulika zaidi. Kama yaya atawapeleka watoto shuleni kwa gari lako, soma masharti ya dereva: umri, muda aliokaa na leseni, na kama ni lazima jina lake liandikwe. Akitumia gari lake mwenyewe, bima ya matumizi binafsi huenda isitambue safari anazotumwa na mwajiri. Aombe matumizi ya kazi yaongezwe, nawe uchangie tofauti ya ada. Masharti yakivunjwa, kampuni yaweza kukataa kutengeneza gari, na mahali pengine humlipa aliyegongwa kisha ikaja kudai fedha hizo kwa mwenye bima.

Kwa upande wa wizi, hati nyingi hutaka dalili za kuvunja na huwatoa watu walioingia kwa ruhusa yako. Baadhi ya kampuni huuza nyongeza ya kukinga udanganyifu wa mfanyakazi, kwa sharti la ripoti ya polisi. Na tusimtazame yaya kama mwizi mtarajiwa tu: akiishi kwako, nguo na simu yake huenda zisiwe kwenye bima ya vyombo vyako nyumba ikiungua. Omba ziongezwe.

Iambie kampuni kabla hajaanza kazi, kwa maandishi: "Nimeajiri yaya kuanzia tarehe fulani, saa kadhaa kwa wiki, atalala hapa, ataendesha gari. Je, akiumia, au akimwumiza mtu mwingine, mnalipa chini ya kifungu gani?" Jibu la mdomo la wakala wa bima halitoshi, dai nyongeza ya hati iliyosainiwa. Ukificha habari hiyo, dai laweza kukataliwa.

Taja mshahara wake halisi. Ada ya fidia mara nyingi hukokotolewa kwa mshahara wa mwaka, na malipo ya aliyeumia pia. Anayetaja nusu ili apunguze ada anampunguzia yaya fidia, na anaweza kudaiwa tofauti.

Ajali ikitokea, matibabu kwanza. Kisha andika saa, mahali na majina ya walioshuhudia, piga picha, na itaarifu kampuni ndani ya muda uliotajwa kwenye hati. Usikiri kosa wala kuahidi fidia kabla ya kuzungumza nao, kwani hati nyingi za dhima zinakataza. Yaya akiacha kazi, usitupe hati na kumbukumbu za malipo yake, kwa sababu dai la jeraha laweza kuletwa muda mrefu baadaye, na itabidi uonyeshe ni bima ipi ilikuwa hai siku alipoumia.