Rimoti ya Wii haioni ngumi yako

Haya, turudie tena: ukirusha ngumi kwa nguvu zaidi, mpiganaji wako hapigi kwa nguvu zaidi. Nenda kibanda chochote cha gemu hapa Kampala chenye Wii ya mitumba, ile mashine ya gemu ya Nintendo inayochezwa kwa kutikisa rimoti mkononi. Utamkuta jamaa anatoka jasho mbele ya runinga, bega linamuuma, na anachapwa na mtoto aliyekaa kwenye benchi akitikisa kiganja tu. Watu wanasema mtoto ana bahati. Bahati gani? Mtoto amekielewa chombo.

Rimoti ya kwanza, ile ya 2006, haina jicho la kufuata mkono. Ndani ina kihisi cha mchapuko, yaani kinasikia kasi inavyobadilika katika pande tatu, na kimeundwa kupima hadi takribani g 3 (g 1 ni mchapuko sawa na wa mvutano wa dunia). Ngumi ya kukunjua mkono mzima huvuka hapo upesi, na ikishavuka namba inagota. Ngumi ya g 4 na ya g 9 zinasomeka sawasawa. Ziada yote imebaki begani kwako.

Lakini kinachoniudhi hasa ni habari ya breki, ambayo hakuna anayetaka kuisikia. Ngumi ina sehemu mbili: mkono unaongeza kasi, kisha unasimama. Kule kusimama nako ni mchapuko, wa kuelekea nyuma, na mara nyingi ni mkali kuliko wa kwanza kwa sababu kiwiko kimefika mwisho ghafla. Rimoti haijui kuwa hiyo ni breki. Programu iliyopangwa vibaya itasoma mapigo mawili, na lile la pili linakuvurugia kombo, yaani mfululizo wa mapigo, au linakutoa kwenye kinga. Hapo mtu anaitupa rimoti: "Pedi mbovu hii!" Pedi nzima kabisa.

Kama umeiunganisha na kompyuta kwa Bluetooth na unapanga mapigo mwenyewe, anza na kizingiti cha g 2, yaani chini ya hapo programu isihesabu pigo, halafu baada ya kila pigo programu isisikilize chochote kwa milisekunde 150 hadi 200. Ukipunguza muda huo, breki inapenya. Ukiuzidisha, mapigo ya harakaharaka yanamezwa. Na hiyo g 2 msiichukue kama msahafu. Mkono mrefu, mkono mfupi, aliyesimama, aliyekaa, kila mmoja ana namba yake, na haipatikani kwa hesabu, ni kujaribu tu.

Sasa namna ya kupiga: kiwiko kikae karibu na mbavu, vidole vishike bila kukaza, kiganja kisogee kama sentimita 10 na kisimame polepole. Maana muda ni mfupi: gemu nyingi za kupigana huenda fremu (picha) 60 kwa sekunde, fremu moja kama milisekunde 17. Jabu nyepesi, ile ngumi fupi ya haraka, kwenye gemu ya Street Fighter hutoka ndani ya fremu 3 hadi 5. Mkono uliokunjuka wote ukichukua robo sekunde, fremu 15 zimekwenda, na bado haujarudi.

Jambo jingine: rimoti iliyolala mezani inasoma g 1, mvutano wa dunia. Ukiiinamisha, hiyo g 1 inahamia upande mwingine, na kihisi peke yake hakitofautishi kuinamisha na kusukuma. Ndiyo maana 2009 ikaja MotionPlus, kifaa cha kuchomeka kwenye rimoti, chenye jairoskopu, inayopima mzunguko. Kwa gemu za upanga, kinunue. Kwa ngumi ya kunyoosha, nina shaka kama utaona tofauti ya kulipia.

Ile bar ya chini ya runinga, wanayoiita "sensor bar" (upau wa kuhisi), haihisi kitu. Ni taa za infraredi tu, na kamera iko puani mwa rimoti. Kwa ngumi haihusiki, basi acheni kuihamishahamisha. Kwenye menyu inahusika, na jua la dirishani likiipiga kamera kishale kinarukaruka. Fungeni pazia.

Na kabla ya yote hayo, geuza adapta usome. Wii iliyotoka Marekani huja na adapta ya volti 120. Ukiichomeka kwenye 240 ya kwetu, imekwenda. Tafuta adapta ya volti 220 hadi 240, au transfoma ya kushusha umeme. Ya wati 100 inatosha, maana adapta yenyewe hutoa volti 12 kwa ampea 3.7.