Acta Diurna si gazeti

Mada ya historia ya uandishi wa habari ikiguswa tu, utasikia kwamba gazeti la kwanza duniani ni Acta Diurna la Roma ya kale, tena kwamba lilichongwa kwenye mawe. Maelezo hayo yamerudiwa mno, na yanatuficha namna habari zilivyowafikia watu wa enzi zile.

Acta Diurna zilikuwa kumbukumbu rasmi za mambo ya umma ya kila siku, zikiwekwa hadharani mjini Roma. Julius Caesar alipokuwa konsuli, yaani mmoja wa viongozi wawili wakuu wa Roma, mwaka 59 KK, ndiye aliyeagiza shughuli za Seneti na za wananchi ziandikwe na kutolewa. Augustus, kaisari wa kwanza, baadaye akazuia zile za Seneti zisitolewe tena.

Kuhusu mawe: nani achonge jiwe kwa habari ya siku moja? Sheria ziliandikwa kwenye shaba ili zidumu. Matangazo ya kawaida yaliandikwa kwa wino mweusi kwenye ubao uliopakwa rangi nyeupe, na agizo la kawaida lilikuwa ubao uwekwe mahali ambapo mtu aliyesimama chini ataweza kuusoma vizuri. Kuna mchoro wa ukutani uliotoka Pompeii, mji wa kale wa Italia, katika nyumba ya Julia Felix, unaoonyesha uwanja wa mji: ubao mrefu umepitishwa mbele ya sanamu za wapanda farasi, na watu wamesimama wanasoma. Mbao za namna hiyo zilifutwa au zikaoza, ndiyo maana hatuna hata nakala moja halisi ya Acta Diurna.

Ni kweli kwamba habari hizo zilisafiri. Mwaka 51 KK mwanasiasa Cicero, akiwa gavana wa Kilikia, jimbo la Roma lililo Uturuki ya leo, aliletewa na rafiki yake Caelius furushi la habari za mjini. Mwanahistoria Tacitus naye anasimulia kwamba enzi za kaisari Nero watu wa majimboni na wanajeshi walizisoma kwa makini ili wajue Thrasea Paetus, seneta aliyekuwa akisusa vikao, amekataa kufanya nini. Ila mwenye kutaka nakala alitafuta mtu wa kumnakilia, akamlipa. Haikuwepo ofisi iliyozichapa na kuziuza kwa yeyote.

Na hata ubao haukuwa njia kuu. Wengi hawakujua kusoma, hivyo mji ulitegemea sauti ya praeco, yaani mpiga mbiu. Ndiye aliyeita watu kwenye mikutano na kusoma amri kwa sauti. Wengine wa kazi hiyo walikuwa pia madalali wa minada. Sheria ya koloni ya Urso, Hispania, iliyotolewa mwaka 44 KK, inampa kila mmoja wa viongozi wawili wa mji praeco wake, kwa malipo ya sestertius (sarafu ya Kirumi) 300 kwa mwaka. Karani alipata 1,200. Inasikitisha kwamba huyu ambaye kila mtu alimsikia ndiye tusiyemtaja kamwe.

Kuta nazo zilifanya kazi yake. Pompeii yamepatikana maelfu ya maandishi ya rangi ya kuombea kura na kutangaza michezo. Tangazo moja la Lucretius Satrius Valens linaahidi jozi 20 za wapiganaji, siku tano za Aprili, pamoja na uwindaji wa wanyama na turubai za kuwakinga watazamaji jua. Aliyeandika ni Aemilius Celer, na amejiandika mwenyewe pembeni: peke yake, kwa mwanga wa mbalamwezi.

Kwa hiyo Acta Diurna tuziite kumbukumbu za kila siku zilizowekwa hadharani. Anayetafuta gazeti, lenye mhariri, mashine ya kuchapia na wateja wanaolipa, aanzie Strasbourg mwaka 1605, kwa mchapishaji Johann Carolus.